Namna ya kukaa nyumbani bila kuwa msimamizi wa sufuria

Mimi ni fundi mwashi, naishi Nkuhungu, Dodoma. Uamuzi wa kuleta makao makuu hapa ulipitishwa 1973, kabla sijazaliwa, lakini kazi zenyewe tulizianza kuziona baada ya 2016, serikali ilipofunga mizigo kweli kweli. Tangu hapo nimepiga lipu nyumba nyingi Ilazo, Nala na Ihumwa, kiasi kwamba nikiwa kwenye daladala nawaonyesha watoto kuta kama mzee anayeonyesha mashamba yake.

Juni ya mwaka juzi ubao wa jukwaa ulikatika nikiwa najengea juu ya lenta. Mfupa wa paja la kulia ukavunjika. Niliwekewa chuma, nikapewa magongo mawili (ya kutembelea, si ile ya kunywa), nikaambiwa nisikanyagie mguu miezi mitatu na kazi nzito nisiiwaze mpaka mwaka ugeuke. Mwenye nyumba alikuja wodini na soda mbili na shilingi 80,000. Simu yake haijapatikana tena hadi leo.

Haya ninayaandikia wanaume ambao kazi imewakatikia, iwe kwa kuvunjika, kupunguzwa, kustaafu, au ng'ombe kufa kwa ukame. Sina maneno ya kutia moyo, watu wa maneno hayo wapo wengi. Nataka kueleza namna ya kufanya, kama ninavyomwelekeza saidia fundi mgeni kuchanganya zege: maji usimwage yote, koleo lishike hivi.

Ujue kwanza kinachokuuma

Nilidhani kitakachonitesa ni mguu. Mguu ulitulia baada ya wiki mbili. Kilichobaki kilikuwa kitu kingine, na nilikitambua nikiwa nimeshawaudhi watu wote wa nyumba yangu.

Niliwekewa kigoda karibu na mlango wa jikoni, penye hewa. Siku za kwanza nilikuwa mgonjwa mzuri. Wiki ya tatu nikaanza. Nikauliza kwa nini mkaa unakwisha haraka. Nikamfundisha binti yangu wa kidato cha pili namna ya kushika ufagio, yeye ambaye amefagia uwanja ule tangu ana miaka saba. Nikahesabu viazi. Sufuria ikikaa upande kwenye jiko, naamka na magongo yangu kwenda kuinyoosha.

Halafu siku moja nikatuma mtoto aniletee pimamaji kwenye mfuko wangu wa kazi. Mama watoto ana ubao wake wa kuwekea vyombo, umelazwa juu ya tofali mbili kila upande, aliutengeneza mwenyewe. Niliweka pimamaji juu, nikaangalia lile povu, nikasubiri arudi. Anauza dagaa na mboga sokoni Majengo, huondoka saa 10 na nusu alfajiri. Aliporudi jioni, hajatua hata ndoo, nikamtangazia kwamba ubao wake umelala upande wa kushoto kwa unene wa kidole.

Akaniangalia. Akasema, "Baba watoto, huo ubao una miaka sita haujaanguka. Aliyeanguka ni wewe."

Watoto walicheka hadi wakatoka nje. Mimi sikucheka mpaka baada ya siku mbili.

Fundi yeyote anajua: zege likishachanganywa halisubiri mtu. Kama boksi la kulimwagia halipo tayari, litagandia kwenye karai, na kulibandua humo ni kazi ya nyundo. Hamu ya mwanaume ya kuwa na faida iko hivyo hivyo. Tumelelewa nayo tangu tunachunga ndama. Kila asubuhi inachanganywa upya kifuani, uwe una kazi au huna. Ukikosa pa kuimwagia, unaimwaga juu ya sufuria za mkeo na madaftari ya wanao, na unajiona unasaidia. Sasa kazi ya miezi utakayokaa nyumbani ni kulitafutia zege hilo boksi lake.

Toa namba zote, usiku mmoja

Hili lifanye mapema, kabla hujaanza uongo mdogo mdogo. Watoto walale, mmekula, keti na mwenzako utaje namba: iliyopo, inayoingia, unayodaiwa, na ile isiyoweza kusubiri. Zangu zilikuwa hivi: akiba 340,000, ninaodai ni wateja wawili, mmoja hatalipa, nadaiwa duka la vifaa 115,000. Nilizitaja nikiangalia ukuta. Yeye akataja zake, na hapo nikajua mama watoto ana 600,000 kwenye vikoba na hakuwahi kuniambia kwa sababu, alisema, "ungeinunulia nondo". Ni kweli ningeinunulia nondo.

Hatari ya kuficha namba ni mikopo ya kausha damu. Nilikuwa nimeshaongea na jamaa mmoja anipe 200,000, marejesho kila siku, ili tu mchango wa shule utoke kwenye mkono wangu kama miaka yote. Hela ya mchango ilikuwepo kwa mama yao! Nilitaka uonekane mkono. Ukijikuta unataka kukopa ili uonekane, funga simu ukalale. Na mikeka ya kubeti mpira ni ndugu wa kausha damu.

Kama umeajiriwa na umeumia kazini, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na anayeuchangia ni mwajiri, si wewe. Dai taarifa ya ajali yako ipelekwe. Na sisi wa kujitegemea tunaruhusiwa kujichangia NSSF. Mimi sikuwa na mkataba wa maandishi wala mchango wowote, ndiyo maana nikaishia kwenye soda mbili.

Kuhemea

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo wanaume wengi ninaowajua wamekwama.

Sisi wa Ugogo mvua si rafiki yetu. Ikinyesha vizuri ni Desemba mpaka Aprili, na mwaka mwingine haifiki hata hapo. Babu yangu alikuwa akitusimulia habari za Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920 baada ya vita vya Wajerumani na Waingereza. Majeshi yalikuwa yamechukua ng'ombe na nafaka, wanaume wamechukuliwa kuwa wapagazi, halafu mvua nayo ikagoma. Yeye alisimuliwa na baba yake. Na kila akisimulia lilirudi neno moja: kuhemea. Mwanaume anafunga safari kwenda kwenye nchi yenye chakula, anabisha hodi kwa watu, anapeleka alichonacho, awe mbuzi, chumvi, au mikono yake tu ya kulima, na anarudi na mzigo kichwani. Hakuna aliyemcheka aliyekwenda kuhemea. Aliyechekwa ni aliyekaa.

Fikiria basi: tunacho kitenzi kizima, cha heshima, cha mwanaume kwenda kuomba kwa watu. Tumekitupa, tukabaki na "kuomba omba".

Mwezi wa pili, unga ulipokuwa unafika chini, nilipanda basi la Mvumi na magongo yangu kwenda kwa mjomba. Njia nzima nilikuwa natunga uongo, eti nimekuja kumsalimia. Nikamkuta anapukuchua mahindi chini ya mti.

"Mbukwa, mjomba."

"Mbukwa. Karibu. Mguu?"

"Unaunga. Mjomba, nimekuja kuhemea."

Aliacha kupukuchua. Akacheka kwanza, kwa maana neno lenyewe la kizee, na mimi nimevaa fulana ya Yanga. Kisha akanyamaza, akayaangalia magongo. Hakuniuliza jambo lingine. Akamwita kijana wake, nikafungiwa debe mbili za uwele na mfuko wa karanga. Nikamwambia, "Mguu ukipona nitakuja kukupigia lipu ile nyumba ya mbele." Akasema, "Na sakafu." Nikasema, "Na sakafu." Tukamaliza.

Hivyo ndivyo inavyofanyika. Taja unachotaka kwa jina na kwa kipimo: debe mbili, ada ya muhula mmoja, kitanda cha kuazima. "Nina hali ngumu, ndugu yangu" haimsaidii mtu kukusaidia. Atakupa 5,000 na atakukwepa mwezi mzima. Peleka na ahadi ya kitu unachokiweza, hata kama ni cha mwakani. Nenda mwenyewe kwa miguu yako, au kwa magongo yako, usimtume mtoto. Na ukishapewa, ondoka kabla hujaanza kujieleza. Kujieleza ndiko kunakogeuza kuhemea kuwa ombaomba. (Lipu nilishapiga. Sakafu tunasubiri saruji yake.)

Chukua kazi moja ya nyumba, uibebe mpaka mwisho

Nasema moja, na nasema kubeba. Kusaidia ni kumwuliza mama watoto "nifanye nini?" halafu akuambie, halafu akukumbushe, halafu ashukuru. Hapo umemwongezea mtoto wa nne.

Mimi nilichukua maji. Kwetu bomba hutoka mara mbili kwa wiki, na linapenda usiku wa manane. Miaka yote hiyo mama watoto ndiye aliyekuwa anaamka, nami nalala, kwa kuwa kesho nina kazi. Kana kwamba yeye kesho hana.

Kubeba maji maana yake si kunyanyua ndoo. Kwa mguu ule nisingeweza. Maana yake ni kwamba mtu mwingine yeyote ndani ya nyumba asiyawaze. Nilianza kwa kuandika kwenye ukuta, kwa mkaa, siku na saa yanapotoka. Baada ya mwezi nilijua mtaa wetu kuliko fundi bomba. Simtanki letu ni la lita 1,000. Sisi watu sita tulikuwa tunamaliza kama lita 150 kwa siku, siku ya kufua 300. Nikachukua fito nikalitia alama kwa panga: alama ya juu, fua utakavyo, ya kati, maji ya kuoshea vyombo yamwagiwe mchicha, ya chini, hakuna kuoga mara mbili, hata mimi. Madumu manne yenye mifuniko mibovu nikayakatia mifuniko kwenye malapa ya zamani. Mpira wa maji niliununua wa mita 20 baada ya ule wa 15 kuniaibisha: ukivutwa, unachomoka kwenye bomba, na saa 9 usiku hakuna unayeweza kumlaumu.

Ukishika kazi ya namna hiyo utagundua kwamba lile jicho la fundi, lililokuwa linaona ubao umepinda, limepata kwake. Sikuuona tena ubao wa mama watoto. Nadhani bado umepinda.

Baadaye niliongeza mboga ya jioni, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwepo. Mwalimu wangu alikuwa binti yangu. Mlenda mkavu, ule wa kijijini uliotwangwa, unachemshiwa maji na nyanya, chumvi, magadi kidogo sana, kisha unaunyunyiza polepole huku unakoroga, na karanga zilizotwangwa zinafuata. Mara ya kwanza nilitia magadi kama mtu anayetia saruji. Mboga ikawa sabuni. Mara ya pili binti akanishika mkono: "Baba, unakoroga kama zege. Huu unaukoroga kama unambembeleza mtu." Mara ya nne tulikula wote, kimya, na kitinda mimba akaomba tena. Sikumbuki kama nimewahi kumaliza ukuta nikajisikia vile.

Limbwata, na majibu yake

Watasema. Kijiweni pale kwenye drafti walianza wiki hiyo hiyo: kalishwa limbwata, siku hizi anapika. Usijifanye haikuumi. Inauma. Kitu cha kwanza nilichofanya nilipolisikia ni kumfokea mtoto aliyeniletea chumvi.

Jibu refu halifai, watu wa kijiweni hawana haraka na wewe. Nilisema tu, "Kweli, na lilikuwa na karanga." Wakacheka, zikaendelea kete.

Niliyemwogopa hasa ni mama yangu. Alikuja kutoka kijijini bila taarifa, akanikuta nimekunja suruali, napuliza jiko. Niliinuka haraka nusura niuangukie mguu. Alisimama mlangoni na kifurushi chake kichwani, akachungulia sufuria, akauliza, "Umetia karanga?"

Usiku, tumekaa nje, watoto wamelala, ndipo akaniambia jambo ambalo sikulijua kwa miaka 40 na ushee. Mwaka ule ng'ombe wetu walipokwisha kwa ukame, mimi nikiwa mdogo, baba alikaa ndani siku tatu. Siku ya nne alichukua fimbo yake alfajiri, akaaga kama kawaida, akaenda kuchunga. Kuchunga nini? Hakukuwa na hata ndama. Alikwenda akakaa chini ya mbuyu mpaka jioni, akarudi, akaoga, akala. Kesho yake tena. Alifanya hivyo msimu mzima. Mama alijua tangu siku ya kwanza, maana fimbo ilirudi safi. Alimwekea chakula cha mchana kwenye kibuyu kila siku, asimwaibishe.

"Nilikuwa nalima peke yangu," akasema. "Wanne nyie mgongoni na miguuni. Na mwanaume mzima yuko chini ya mti anachunga hewa." Alikuwa hacheki.

Nimeifikiria fimbo ile mara nyingi. Baba yangu hakuwa mvivu, mtu mvivu angelala. Alikuwa na zege lote lile, akalibeba kila asubuhi mpaka kwenye mbuyu kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia kwamba jembe la mkewe lilikuwa na mpini unaomtosha na yeye.

Na kama kijiwe chenu kina watu wa "sheria inasemaje", hili hapa, nililipata kwa mwanasheria mmoja niliyemjengea uzio, aliyekuja kunijulia hali. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 63, inasema ni wajibu wa mume kumtunza mkewe kwa malazi, mavazi na chakula, kwa kadiri ya uwezo wake. Hilo wote tunalijua, tunaimbiwa kila harusi. Lakini kifungu hicho hicho kinaendelea: mume akishindwa kujipatia riziki kwa sababu ya maradhi ya mwili au ya akili, mke mwenye uwezo anao wajibu wa kumtunza yeye. Nilimwomba asome mara mbili. Yaani Bunge letu, 1971, lilishajua kwamba mwanaume anaweza kuvunjika. Mimi ndiye nilikuwa sijui.

Akaniongezea kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu: mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Miaka yote nilikuwa nasema nyumba hii nimeijenga mimi. Tofali nilipanga mimi, kweli. Ila mtu aliyepika siku zote hizo nikipanga tofali alikuwa anajenga nini? Na kama kupika kwake ni kujenga, basi mlenda wangu nao ni kozi moja ya ukuta.

Usiku ukiwa mrefu

Mwezi wa nne nilianza kupiga hesabu nyingine. Nyumba bila mimi: mdomo mmoja umepungua, dawa hazinunuliwi, mama watoto bado kijana. Ilinijia kama hesabu tu, safi, kama kukadiria tofali. Hilo ndilo linalotisha, haiji ikilia. Ikikujia hesabu ya namna hiyo, usibaki nayo peke yako hata usiku mmoja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019, katika kila wanaume 100,000 duniani waliojiua walikuwa 12.6, na katika kila wanawake 100,000 walikuwa 5.4. Sisi tunaojiita wenye nguvu.

"Nina mawazo" haitoshi. Kila mwanaume Dodoma ana mawazo, utajibiwa "ndiyo maisha, kaka". Mpigie mtu mmoja, umwambie neno lisilo na tafsiri mbili. Mimi nilimpigia fundi mwenzangu wa Kizota, saa 4 usiku: "Kaka, siko salama na nafsi yangu. Njoo ukae na mimi leo." Alikuja na pikipiki, na ubao wa drafti chini ya kwapa. Hakunihubiria. Tulicheza kwa vizibo vya soda mpaka saa 8 usiku, akanifunga nyingi, kisha akalala sebuleni kwenye mkeka, miguu imetokea mlangoni.

Asubuhi alinipeleka Mirembe. Naandika jina kwa makusudi, kwa sababu hapa kwetu Mirembe ni tusi: mtu akikosea kidogo anaulizwa ametoroka lini. Ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili na ina kliniki ya watu wanaokuja na kurudi nyumbani. Kwenye benchi nilikuta mwanajeshi mmoja, mwanafunzi wa chuo, na mama mmoja wa Bahi na kuku wake kwenye kikapu. Muuguzi aliniuliza kuhusu usingizi kwanza, kisha chakula, kisha ndipo akafika kwenye ile hesabu yangu, bila kushtuka. Kama uko mbali na Dodoma mjini, anzia hospitali yoyote iliyo karibu, useme hivyo hivyo.

Kazi yako ya zamani, ukiwa umekaa

Hili nimeliweka mwisho, na wengi watataka waanze nalo. Ukianza nalo unatoroka nyumbani kwa mlango wa nyuma.

Usiuze vifaa. Mwiko, timazi, pimamaji, toroli: viazimishe kwa malipo kwa kijana unayemwamini. Mimi nilimpa saidia fundi wangu wa miaka mingi, akawa ananiletea 3,000 kila siku aliyopata kazi, na alizileta kweli, isipokuwa wiki moja ambayo sitaisema.

Kisha uza unachokijua kwa mdomo. Watu wanaojenga wanaibiwa kwenye makadirio. Mita moja ya mraba ya ukuta wa bloku za kawaida inakula kama bloku 10. Ukijua urefu na kimo cha kuta, ukatoa milango na madirisha, ukaongeza chache za kuvunjika, unajua gari ngapi zije, na fundi hawezi kukuambia zimeisha. Nilianza kuwafanyia watu hesabu hizo nimekaa kwenye kigoda kile kile, 20,000 kwa nyumba. Wa kwanza alinipa 10,000 na papai mawili.

Ukirudi kazini, mwambie mapema anayekuita mambo usiyoyaweza. Nilirudi mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata. Sipandi jukwaa lisilo na mihimili miwili, na mifuko ya saruji sinyanyui. Nikaombwa 5,000 ipungue kwenye posho yangu ya siku, nikakubali. Wiki ya kwanza mguu ulivimba jioni, wiki ya tatu ukazoea.

Maji bado ni yangu. Gongo moja nililirudisha nilikoliazima, lile jingine lilikuwa la kwangu, nikalikata mpira wa chini, nikalihamishia zile alama tatu, na ndilo tunalopimia simtanki sasa, maana lile fito lilioza. Juzi nilichelewa kutoka Nala, nikalala kama gogo. Saa 9 usiku nikasikia dirishani, mara mbili, kwa ncha ya gongo:

"Baba. Yanatoka. Na tuko alama ya chini."

Nikavaa malapa, nikauchukua mpira.